Mlimau wa Mama na Watoto wa Kipepeo

Hata leo nikisugua jani la mlimau kati ya vidole, ile harufu yake kali hunipeleka moja kwa moja Sapiwi, pembeni mwa shamba letu la pamba.

Mama aliotesha mlimau pale kwa mbegu aliyotoka nayo kwao Sola, imefungwa kwenye pindo la khanga. Bibi mzaa mama alipofariki, mti ule ndio ukawa mama yake mama. Mimi lakini nilipenda vipepeo wake, weusi wenye madoa ya manjano. Nilibishana sana na mdogo wangu Masanja kipi bora, mti au kipepeo. Mti umesimama tu, nilimwambia, mwenzake anatembea.

Kumbe kipepeo ana watoto. Mwaka mmoja mlimau ulijaa viwavi, wadogo wakifanana na mavi ya ndege, wakubwa wa kijani, ukiwagusa wanatoa vipembe vinavyonuka. Baba alipowaona aliogopa watahamia kwenye pamba. Ushirika ulikuwa umeacha kutuletea dawa ya pamba. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao tu, dawa kila mtu ajitafutie. Baba hakuwa nayo. Na sote tulijua kwamba mabua ya pamba hung'olewa na kuchomwa ili funza wanaokula pamba wasibaki.

“Mama Minza, huu mti naukata na kuuchoma leo.”

“Baba Minza, wewe ni mfugaji,” mama alisema. “Mnyama si unamjua kwa malisho yake? Wape pamba kwanza.”

Aliwakusanya kwenye ungo, akawawekea majani mabichi ya pamba. Baba akaketi kigodani, panga mapajani, akawachunga. Ndiyo, mzee mzima mwenye zizi la ng'ombe akachunga viwavi, nasi tukajikaza tusicheke. Mpaka jioni hawakugusa pamba. Mama alipowatupia majani ya mlimau, walikula papo hapo.

“Nyie mnaobishana,” alitugeukia, “mti utaishi bila kipepeo. Yeye bila mti ataanzia wapi?”

Baba alicheka mpaka akakohoa, akaenda kuficha panga. Nami nilifurahi, nikiamini mama amemshinda.

Ni juzijuzi tu, nilipopata mkwe wangu mwenyewe wa kumheshimu, ndipo nilipoelewa kwa nini baba alikaa pale kutwa nzima bila hata kwenda kunywa maji. Alikuwa akiomba viwavi wasile pamba. Mkwe wake alikuwa amesimama pale shambani, kwa umbo la mlimau, na baba ndiye aliyeshika panga.