Dirisha la Bi Tanzia

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini ofisini hakuna aliyelitumia. Walimwita Bi Tanzia, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa matangazo ya vifo gazetini. Hakukasirika. "Heri mimi," aliwaambia wenzake, "mteja wangu harudi kulalamika."

Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Wafiwa walifika dirishani macho mekundu, karatasi zimekunjwa mara nne, wakibishana nani atangulie kutajwa, mjane au mama mzazi. Yeye aliwatuliza, akawapanga watoto kwa umri, akamaliza ugomvi wa ukoo mzima kwa kalamu moja. Alijua ni nyumba zipi zina mke wa pili asiyetajwa, na alinyamaza.

Zamani mji ule ulikuwa na magazeti matatu, kila moja na mmiliki wake, na yalichukiana kama wake wenza. Moja likisema daraja limekamilika, la pili lilipiga picha ya ufa, la tatu liliuliza saruji imekwenda wapi. Msomaji alichoka, lakini hakudanganyika. Kisha tajiri mmoja, ambaye watu walimwita Mwenyekiti bila kuuliza mwenyekiti wa nini, akanunua la kwanza. Watu wakasema, pesa ni zake. Akanunua la pili, na redio mbili juu yake. Wakasema, mwenye nacho huongezewa. Aliponunua la tatu hakuna aliyesema kitu, maana pa kusemea palikuwa pamekwisha.

Magazeti yalibaki na majina yake na rangi zake. Ila yalihamia jengo moja, na matangazo yote ya vifo yakaja kwenye dirisha moja. Siku hiyohiyo Bi Tanzia alipewa karatasi ya kubandika ukutani: chanzo cha kifo kisiandikwe, iandikwe tu "amefariki ghafla". Hata alifurahi, Mungu amsamehe. Ilimpunguzia mabishano.

Furaha hiyo haikudumu. Wafiwa kutoka bondeni, chini ya kiwanda cha betri cha Mwenyekiti, walizidi kuja. Tangazo halikusema kitu, lakini wenyewe walisema: tumbo lilimkaza, mikono ikalegea, mwisho akawa anapayuka. Wa kwanza, wa nne, wa tisa, maneno yaleyale kutoka kwa watu wasiojuana, na wote walichota kisima kimoja. Bi Tanzia akaanza kuliogopa dirisha lake mwenyewe. Mdogo wake, fundi cherehani, aliishi bondeni na mke na watoto wawili.

Alipanda ngazi kwa mhariri. Huyu ndiye aliyewahi kuuliza habari za saruji, enzi zake. Alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango. "Bi Tanzia, wewe andika majina. Mengine tuachie sisi."

Zamani Bi Tanzia angevuka barabara akampelekea habari hiyo mhariri mpinzani, naye angeichapa kesho yake, hata kama ni kwa chuki tu. Sasa mpinzani alikaa kiti cha pili mlemle chumbani, anakoroga chai, na hakuinua macho.

Jumamosi akaenda bondeni.

"Hameni," alimwambia mdogo wake. "Njooni hata kwangu, tutabanana hivyohivyo."

Fundi alicheka kidogo, kwa heshima. Alikuwa mtu makini. Kila siku alisoma magazeti yote matatu, ili moja lisimdanganye. Aliyatandaza ya siku hiyo juu ya meza ya kukatia nguo. Katika yote matatu Mwenyekiti alikuwa ameshika glasi ya maji ya kisima, anakunywa, anatabasamu.

"Dada, gazeti moja laweza kusema uongo. Yote matatu?"

"Ni mkono mmoja, mdogo wangu. Mimi nawaona wanavyoandika."

"Wewe unashinda na misiba. Mtu akisinzia tu, ushaanza kumtungia tangazo."

Lilimuuma hilo, na lilimuuma zaidi kwa sababu lilichekesha. Wifi yake alimsindikiza hadi barabarani. Walipopeana mikono ya kuagana, vidole vya wifi havikushika. "Umekuwa mvivu tu siku hizi, huu mkono," alisema, akaurudisha haraka kwenye mfuko wa gauni. Bi Tanzia alimsihi aje kwake kesho, yeye na watoto, hata bila mumewe. Wifi akasema ataona. Hakuja.

Wiki ya sita baada ya hapo, Jumatatu asubuhi, foleni ilikuwa ndefu. Bi Tanzia alipokea karatasi bila kumtazama aliyeitoa, akatambua mwandiko kabla ya jina. Mdogo wake alikuwa amesimama pale kwa zamu yake kama wengine, shati limekosewa vifungo, yeye anayewashonea watu.

Alikuwa ameandika jina la mkewe, na chini yake: ameuawa na maji ya kisima cha bondeni, msichote.

"Usipunguze neno, dada," alisema. "Majirani bado wanachota. Na mkubwa wangu leo ameamka na tumbo."

Bi Tanzia alimwonyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa ukutani. Fundi aliisoma polepole, akarudia.

"Basi nirudishie. Nitapeleka gazeti jingine."

"Lipi, mdogo wangu?"

Fundi aliinua macho kwenye vibao vitatu vya majina ya magazeti juu ya dirisha, kimoja baada ya kingine, kisha akamtazama dada yake.

"Kamlete mtoto kwangu, sasa hivi, na mwenzake," Bi Tanzia alimwambia. "Wasinywe kitu njiani."

Fundi aliondoka mbio. Mtu wa nyuma yake akasogea mbele, mwanamume wa bondeni, naye ameshika karatasi. Bi Tanzia alimwomba asubiri kidogo. Alichukua kalamu, akaandika jina la wifi yake, na mbele ya jina akaandika: amefariki ghafla.