Nishani kwenye Koti la Arnold

Scovia alitoka Hoima mwaka 2009 kuja kutandika vitanda vya hoteli Doha, na kwa usafi alikuwa anaudhi. Shuka likikunjamana kidogo tu, analitandua na kuanza upya. Wanaume nao aliwachambua hivyo hivyo kwa miaka saba, mpaka akampata Arnold, dereva Mganda wa Buganda, mpole, mwepesi wa kucheka. Huyo hakutaka kumkosa.

Ijumaa ya Arnold kujitambulisha kwa wakwe, watu walijazana chumbani kwa Scovia, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, viatu vimerundikana mlangoni. Bibi yake Scovia alikuwa Hoima, uso wake kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Kazi yake ilikuwa moja, na bila hiyo asingekubali ndoa: kumpa Arnold empaako, lile jina la heshima na mapenzi ambalo kila Mnyoro, mtu wa Bunyoro kwao Scovia, huitwa, na ambalo Waganda hawana.

Msemaji wa Arnold alikuwa Mike, rafiki yake, mtu wa maneno kama redio. Alipomaliza kutaja ukoo akamvuta Arnold koti, akaonyesha nishani ya fedha kifuani.

"Jaja, bibi yetu, hii ni ya babu wa babu yake! Wazungu walimvisha kwa ushujaa, vita vya mwaka 1894!"

"Alimpiga nani?" bibi akauliza.

Mike, masikini wa Mungu, akajibu kwa madaha, "Waasi wa Bunyoro!"

Lo! Waasi hao ndio wazee wa bibi mwenyewe. Mike akaliachia koti. Arnold alikodoa macho. Nyumbani kwao nishani ilikuwa ya vita, basi, na hakuna aliyewahi kuuliza vita na nani. Akaanza kuivua.

"Iache," bibi akasema. "Sogea niione."

Bibi akaitazama nishani. Scovia aliogopa mpaka akatamani simu ikatike.

"Bibi yangu alikimbia vita hivyo na mtoto mgongoni," bibi akasema. "Kaka yake alibaki nyuma kuwazuia askari. Hatukumzika. Empaako yake ilikuwa Atwoki. Arnold, wewe nakupa hiyo. Kila ukiitwa, ujue unaitikia kwa niaba ya nani. Scovia, mwite."

Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Atwoki," Scovia akaita, machozi yakimtoka.

Arnold akaigusa nishani kwanza. Scovia akamwita tena.