Aliyenichagulia Shingo ya Gita Kawangware

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, sijalewa wala siumwi, pale kituo cha matatu cha Kawangware 56, mwaka mmoja kabla ya zile mvua za El Nino.

Siku hizo nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja Ayany, na nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo. Jumapili nilipiga gita kanisani. Ndiyo, mwanamke, na gita la umeme. Kuna waliokunja uso, lakini kiongozi wetu wa kwaya, Mwalimu Odhiambo, alinitetea. Shida ni kwamba Mwalimu pia alikuwa na masikio, na gita langu lilikuwa limeanza kuwatoa watu machozi yasiyotokana na Roho Mtakatifu.

Kilichoharibika ni shingo, ule mti mrefu ambao nyuzi hupitia juu yake. Nilikuwa nimeliegemeza gita kwenye ukuta wa mabati, jua likaioka ile shingo hadi ikapinda kama upinde. Nyuzi zikainuka juu sana. Nilibonyeza mpaka vidole vikatoka damu, na bado sauti haikukaa.

"Dada," Mwalimu akaniambia, "kongamano la Krismasi ndilo hilo. Kama hiyo kitu haitapona, itabidi niite kijana fulani wa mtaa wa Makina apige."

Nilikuwa nimelipigania gita hilo kanisa zima likitazama. Sasa nimwachie kijana wa Makina? Nikang'oa shingo mbovu kwa bisibisi, nikafunga bodi, yaani mwili wa gita, kwa leso, nikaenda Kawangware kwa fundi wa redio anayeitwa Njoro, ambaye niliambiwa huuza pia vipande vya magita yaliyokufa.

Njoro alikuwa kijana mcheshi, ila siku hiyo alikuwa ameinamia redio ya mtu na chuma chake cha kuchomea, hakutaka kusumbuliwa. Akanionyesha kwa kidevu. Shingo zilikuwa zinaning'inia kwa waya, kama samaki wanaokaushwa. "Chagua mwenyewe, madam. Ikiingia kwa bodi yako, tutaongea."

Nikaenda moja kwa moja kwa ile nyekundu iliyong'aa. Nani asingeenda?

"Hiyo ni ya kuangaliwa," sauti ikasema.

Kulikuwa na mzee amesimama mlangoni, mahali mwanga ulipoingilia. Mrefu, mabega yameinama kidogo, sweta ya rangi ya damu ya mzee, mikono mfukoni. Mbele ya kichwa alikuwa na shungi la mvi, kwingine kote nywele nyeusi. Kila aliposema neno lenye "s", mluzi mdogo ulipita kwenye pengo la meno yake.

"Ilete jichoni," akaniambia. "Funga jicho lingine, uitazame toka mwisho hadi mwisho, vile seremala hutazama ubao."

Nikatazama. Ile nyekundu ilikuwa imejinyonga kama kitambaa kinachokamuliwa. Nikairudisha.

Akaniambia nijaribu ile nene ya kahawia. Iliingia kwenye mfuko wa bodi, lile tundu linaloshika shingo, lakini ilicheza kama jino bovu. "Hapana," akasema. "Hiyo itakuaibisha katikati ya wimbo." Ikabaki nyembamba moja isiyo na rangi, imechakaa mgongoni pale dole gumba la mtu lilipokuwa likitelezea. Sikuitaka. Ilionekana maskini.

"Usiiangalie. Ishike kama unamsalimia mtu."

Nikaishika. Niamini, ilinisalimia pia. Mkono wangu ni mdogo, na magita yote niliyowahi kushika yalikuwa yametengenezewa wanaume. Hii ililala kiganjani kana kwamba ilikuwa ikiningoja. Mzee akanifundisha kupima: toka kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi pale juu hadi chuma cha kumi na mbili kati ya vile vilivyopangwa shingoni, halafu toka hapo hadi daraja la bodi, pale nyuzi zinapoishia. Nilikuwa na uzi wa saluni mfukoni, nikapima nao. Urefu ulikuwa sawasawa.

"Basi," akasema, akatabasamu kama mtu aliyemwoza binti yake vizuri. "Chukua hiyo."

Nikageuka kumwita Njoro. Nilipogeuka tena mlangoni, mzee hakuwepo. Nikafikiri ameenda zake. Wewe ungefikiri nini?

"Nimechagua," nikasema. "Yule mzee amenisaidia sana."

Njoro akainua macho. "Mzee gani? Mimi nilidhani unaomba. Umekuwa ukiongea peke yako tangu uingie."

Nikamweleza: urefu, sweta, shungi la mvi. Nilipofika kwenye mluzi, aliweka chini kile chuma cha kuchomea, akakiweka vibaya, kikaanza kuunguza meza na hakuona.

"Huyo ni Baba Nekesa," akasema. "Na hiyo shingo umeshika ni yake. Bibi yake, Mama Nekesa, ndiye aliniletea. Lakini madam, Baba Nekesa hatembei. Alipigwa na kiharusi, upande wote wa kushoto umekufa. Hajatoka kitandani tangu Pasaka."

Tukatazamana. Najua alichowaza, kwa sababu nami niliwaza hilohilo.

"Ameenda," Njoro akasema polepole. "Amepitia hapa kuaga."

Akafunga duka. Tulipita nyuma ya soko tukielekea kwenye ploti wanakoishi, na kabla hatujafika Njoro alikuwa ameshavua kofia. Nilikuwa natega sikio nisikie vilio. Badala yake tukamkuta mama mmoja mnene ameketi mlangoni, anachambua mrenda, anaimba chinichini.

Mama Nekesa alimwona Njoro akafurahi. Kisha akaona nilichobeba kwapani, furaha ikamtoka. Akatuvuta pembeni.

"Njoro, kwa nini umeirudisha?" akanong'ona. "Baba Nekesa hajui niliiuza. Nilimwambia iko juu ya kabati, imefunikwa vizuri. Kila nikiiona nilikuwa nalia, na dawa pia zinataka pesa. Tafadhali, muondoke nayo. Atakufa akijua."

"Yuko hai?" Njoro akauliza, kama mjinga.

"Sasa hilo ni swali gani? Amelala tangu asubuhi."

Hapo ndipo sauti ikatoka ndani, nzito, imepinda upande mmoja, na ndani yake ule mluzi.

"Mama Nekesa. Huyo msichana amefika? Alichukua ile nyembamba?"

Ungo ulimponyoka Mama Nekesa, mrenda wote ukamwagika chini.

Tuliingia. Alikuwa amelala, sweta ileile mwilini, mdomo umevutwa upande mmoja. Nilikaribia hatua moja moja, sidanganyi. Lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kunizoea. Nikaweka shingo juu ya blanketi, akaipapasa kwa mkono wa kulia, mkono uliokuwa bado wake.

"Nilikuwa nimelala," akasema, neno moja moja. "Nikaota niko kwa Njoro. Nikaona huyu mtoto anataka kuchukua ile nyekundu."

Mama Nekesa akapiga magoti miguuni pake akaanza kulia. "Nisamehe, baba."

"Nisamehe nini? Mkono mmoja utapiga gita gani?" Akatafuta pumzi. "Lakini ungeniambia. Tungeiaga pamoja, mimi na wewe. Si ndiyo ilikuleta kwangu?"

Mama Nekesa akacheka huku analia. Njoro alikuwa anaangalia dari. Mimi nikasema nitairudisha, sitaki kitu cha mtu. Mzee akakataa kwa nyusi.

"Ifungwe kwa bodi. Halafu uje unisikizishe."

Njoro aliifunga jioni hiyohiyo. Kwenye kongamano nikapiga, na kijana wa Makina akaja kuniuliza nilipata wapi gita kama lile. Sikumwambia.

Kila Jumamosi niliyopata nafasi nilikwenda kupiga kando ya kitanda cha Baba Nekesa. Aligonga blanketi kwa mkono wa kulia kunishikia mwendo. Na sasa sikia hili. Jumapili kadhaa, katikati ya ibada, nilikuwa nikiinua macho namwona amesimama mlangoni mwa kanisa letu Kisumu Ndogo, mikono mfukoni. Jumamosi inayofuata alikuwa ananiambia, "Ule wimbo wa pili uliukimbiza." Na ni kweli, nilikuwa nimeukimbiza.

Mama Nekesa alizoea. Mawingu yakitanda, nilimsikia akimfunika blanketi na kumwambia, "Baba Nekesa, leo usiende popote, mvua itakunyeshea."

Alikufa usingizini, mvua zile kubwa zilipokuwa zikianza. Jumapili baada ya mazishi nilipiga gita macho yakiwa mlangoni. Hakuja. Jumapili iliyofuata hakuja. Mpaka leo hajaja tena, hata mara moja, ingawa shingo ni ileile na mimi ndiye yuleyule. Ndiyo maana nikisikia watu wanaogopa wafu hunyamaza tu. Yule niliyemwona mimi akitembea alikuwa hai.

Basi nikuonye, wewe unayependa vitu vya mkono wa pili, iwe gita, iwe cherehani, iwe koti la mitumba. Kabla hujakibeba nyumbani, uliza kilikuwa cha nani. Ukiambiwa mwenyewe bado yuko hai mahali fulani, amelala hawezi kuinuka, usingoje akufuate. Nenda umsalimie. Mwambie kimefika, na kwamba utakitunza.