Rangi Iliyokataa Kukauka

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mpaka rangi katika gereji ya malori Mbeya, miaka ile ya hamsini, hudhani nilishinda na brashi laini mkononi nikipiga mluzi. Brashi ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kabla ya rangi kulikuwa na kutu, na kutu haiombwi itoke. Lori likishavuliwa bodi, chesisi, yaani fremu yake ya chini, ikalazwa juu ya magogo, tuliingia chini yake na nyundo zenye ncha, tukaigonga kipande kwa kipande mpaka magamba yakatudondokea machoni na mdomoni, kisha tukaikwangua kwa brashi za waya mpaka chuma kikang'aa. Jioni nilitema mate mekundu. Niliipenda kazi ile kwa sababu iliniruhusu kupiga kitu kutwa nzima, na mimi nilikuwa mtu wa kupiga.

Sijisifu. Nilitoka Kilolo, upande wa Iringa, nikiwa nimeshapigana na karibu kila kijana wa rika langu, na Mbeya nikaendelea pale nilipoachia. Nilipigana kwa ajili ya zamu kwenye bomba la maji. Nilipigana kwa sababu mtu alicheka nilipojikwaa. Mwenzangu kazini, Mnyakyusa mmoja mtu mzima kuliko mimi, alizoea kunishika mabega kwa nyuma na kuniambia, "Tulia, mdogo wangu, huyo hajakuua." Nilimwita kaka. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na kwa desturi ya gereji yetu yeye ndiye alikuwa mchanganyaji. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kugusa ule unga mwekundu wa kuzuia kutu na mafuta yake, ili rangi ikiharibika ajulikane wa kuulizwa.

Wa kuuliza alikuwa nyapara. Alikuwa askari wa zamani, amerudi kutoka vitani na sauti ya kuamrisha, na alitembea na kipande cha mkanda wa feni ya injini amekizungusha kwenye kiganja. Nilikwisha kuuonja mkanda ule mara mbili. Maumivu yake huja kwa kuchelewa, wakati umeshaanza kufikiri kwamba umepona.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, kaka alitumwa nyumbani kwa tajiri, mwenye gereji, kupaka geti. Nikabaki peke yangu na chesisi iliyokwisha kukwanguliwa, ambayo ilikuwa lazima ipakwe siku hiyohiyo, maana chuma kikilala uchi hata usiku mmoja, umande wa Mbeya unakirudishia kutu. Utingo wa lori hilo akapita akaniambia, "Leo umeachiwa nyumba, mama." Hilo tu. Nikamrukia. Tulibingirishana chini, nikamwuma sikio, naye akanipiga goti la tumbo, na katika kurusha miguu nikalipiga teke debe la mafuta ya kuchanganyia rangi. Lilikuwa la mwisho. Tulipoachiana, vumbi lilikuwa limeshayanywa mafuta yote.

Utingo alikimbia akishika sikio. Mimi nikaliinua debe, halikuwa na hata tone. Nilijua nyapara angerudi kabla ya saa sita.

Nyumbani tulikuwa na kibuyu cha mafuta ya nyonyo. Mama yangu aliyatuma kwa basi kutoka Kilolo ili mtoto wetu, aliyekuwa na wiki tatu, apakwe. Kwetu nyonyo ni mafuta ya kila kitu: ngozi ya mtoto, ngozi ya ngoma, kamba ngumu, kisigino kilichopasuka. Sikuona kwa nini chuma kiyakatae. Nilikimbia nyumbani, mke wangu akauliza nayapeleka wapi, nikamfokea, nikaondoka nayo. Nikachanganya mwenyewe. Rangi ilitoka nzuri ajabu, nzito, inang'aa. Kaka aliporudi nikamwambia nimeshachanganya ili tusichelewe, wala sikumwambia zaidi. Alichovya brashi, akaitazama kidogo, akaenda upande wake akaanza kupaka. Nami nikapaka wangu.

Kesho yake ilikuwa mbichi. Kesho kutwa mbichi. Mwezi wa saba hata rangi nzuri huchelewa kukauka Mbeya, kwa hiyo nyapara akailaumu baridi, na siku ya nne akaamuru bodi ifungwe na lori liende Chimala kuchukua mchele.

Lilirudi na manyoya. Pumba za mashine ya kukoboa pamoja na vumbi la njia nzima vilikuwa vimenata chini yake, kuanzia bampa hadi mkiani. Dereva alilisimamisha katikati ya uwanja, mbele ya tajiri na wateja wake, akasema kwa sauti ya mtu wa mnada, "Bwana nyapara, hii gari umenipa imeota manyoya. Mnachinja lini?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tajiri hakucheka. Alipitisha kidole kwenye chuma, pumba zikatoka na rangi ikatoka nazo, akamtazama nyapara, akarudi ofisini.

Nyapara akatuita mimi na kaka mbele ya gereji nzima.

"Hii rangi nani alichanganya?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kaka akawahi.

"Mchanganyaji ni mimi, bwana," akasema, kisha akanitazama.

Mkanda ulimkata begani. Nyapara akauliza tena, na kaka akajibu vilevile, na akanitazama tena, bila hasira, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kamba za viatu. Mimi niliyemwuma mtu sikio kwa neno moja nilikuwa nimekodolea macho ardhi. Nilikuwa naogopa mkanda, na zaidi nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi nina mtoto wa wiki tatu. Mkanda ukampiga mgongoni, ukampiga shingoni, shati likachanika na damu ikaja. Kaka alikuwa ameshapiga magoti nyapara alipouliza mara ya tatu.

"Nani alichanganya?"

"Mimi."

Kaka akainua uso kunitafuta, na ncha ya mkanda ikamkuta jichoni.

Sauti aliyoitoa sijaisahau. Hapo ndipo nilipopata nguvu, baada ya mambo kuharibika. Niliokota nyundo ya kutu nikampiga nyapara kwenye mkono ulioshika mkanda, nikasikia mfupa ukivunjika, nikampiga begani, na alipoanguka nikaitupa nyundo nikamkalia kifuani na kumtwanga ngumi za uso mpaka mafundi wanne wakanibandua. Meno yake mawili yalikuwa mchangani. Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto, na kila mtu aliyekuwapo alifikiri namlilia kaka.

Hakimu aliniuliza kwa nini. Nikasema, alimpiga mwenzangu. Nikapewa miezi sita na viboko, na viboko nilivipokea vizuri, bila kupiga kelele, kwa sababu vilikuwa vinaniangukia mimi. Jela nzima iliniheshimu. Wafungwa wapya waliingia wakinisimulia habari yangu mwenyewe, ya yule Mhehe aliyemvunja nyapara ili kumtetea mwenzake. Mke wangu alipokuja kunitazama aliniambia watu mtaani wanampisha njia. Sifa hizo nilizila pamoja na uji wa asubuhi, na wala hazikunikaba.

Mwezi wangu wa pili jela akaja kaka. Alikuwa na kitambaa kwenye jicho la kulia.

"Pole, mdogo wangu."

"Pole na wewe, kaka."

Tukazungumza habari za nyumbani, mtoto, baridi. Mwishowe nikajikaza. "Kaka, yale mafuta."

"Ya nyonyo," akasema. "Nilinusa nilipochovya brashi. Hata mimi mama yangu alinipaka hayo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Tungepaka nini? Debe lilikuwa tupu, nyapara yuko njiani. Nikasema labda itakauka."

"Na kwa nini ulimwambia ni wewe?"

"Una mtoto mchanga. Nikaona mkanda mmoja, miwili, nitavumilia. Lakini nilidhani utanikatalia, useme ni wewe. Kila alipouliza nilisema moyoni, sasa huyu atanikatalia."

Hakulisema kwa uchungu. Ilimbidi ageuze kichwa chote ili jicho lililobaki linione, naye akanitazama vilevile alivyonitazama uwanjani, akangoja. Hapakuwa na nyapara pale. Hapakuwa na mkanda wala kazi ya kupoteza. Nilipaswa kusema nisamehe tu. Nikaangalia miguu yangu, nikamwuliza kama kwao mvua zimeshaanza.