Hatua kumi na nne za Mama Soksi

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu amepiga magoti katika ukumbi mwembamba wa nyumba ya watu, kitambaa cheupe mkononi, kopo la tapentaini pembeni. Analowesha kitambaa kidogo, anasugua ubao mmoja kwa urefu wake, anakigeuza na kukitazama. Kimeingia umanjano. Anakitupa kwenye ndoo na kuchukua kingine.

"Bado ipo," anasema bila kuinua kichwa. "Hii haitoki kwa maneno matamu."

Madirisha yote yamefunguliwa kwa sababu ya harufu. Saa sita mchana bibi mzee wa nyumba hii anarudi kutoka hospitali, alikolazwa wiki tano baada ya kuteleza na kuvunjika nyonga. Aliteleza hapa hapa ukumbini. Na nta iliyomwangusha ilipakwa na mwanamke huyu huyu anayeisugua sasa.

Watoto wa nyumba humwita Mama Soksi, na jina limemganda. Kila akimaliza sakafu ya mbao, huvua ndala, huvaa soksi nyeupe za pamba na kuitembea mwanzo mpaka mwisho. Soksi ikichafuka, anarudia kazi. Soksi ikiteleza, anarudia kazi.

"Mng'ao unadanganya," anasema. "Soksi haina haja ya kumfurahisha mtu."

Mwandishi wa habari hii naye aliamriwa kuvua viatu mlangoni. Alitii, na kidole gumba kikachungulia kupitia tundu la soksi. Kitinda mimba wa nyumba, binti wa miaka mitano, alicheka mpaka akakaa chini.

Nyumba hii haina dakika ya utulivu. Kuna watoto wanne, mbwa mmoja, wazazi wawili wanaotafuta funguo kila asubuhi, na sakafu ya mbao ngumu kuanzia sebuleni hadi jikoni. Kwa miaka kumi na moja Mama Soksi amekuwa akija hapa siku tatu kwa wiki. Anajua kiti kipi huburutwa na ubao upi hulia ukikanyagwa.

Huanza na fagio laini, kwa kuwa mchanga wa viatu vya watoto hukwaruza mbao kama msasa. Kisha hupitisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakitoi tone. Miguu ya viti vyote ameibandika vipande vya blanketi kuukuu. Ukimwaga ndoo ya maji mbele yake, utajua hujui.

"Mbao haiogeshwi," anasema. "Inafutwa uso, basi."

Ana desturi nyingine, nayo ndiyo kiini cha habari hii. Kabla ya kugusa sakafu yoyote, huinama pembeni na kuikwaruza kwa ukucha, mahali pasipoonekana. Mbao iliyozoea nta huacha nta ukuchani. Iliyopakwa vanishi haiachi kitu. Ya kwanza hunywa nta ikashiba, lakini ya pili hainywi. Nta hubaki juu yake, laini na yenye kuteleza, inamsubiri mtu. Kukwaruza huko yeye hukuita kupiga hodi.

"Sasa niambie," anauliza, na sauti yake inashuka. "Nyumba uliyoingia miaka kumi na moja, bado unapiga hodi?"

Miezi miwili iliyopita alichukua ruhusa ya wiki mbili kumuuguza dada yake. Nyuma yake bomba la jikoni likapasuka, mbao za ukumbi zikavimba, fundi seremala akaziondoa na kuweka mpya. Seremala alikuwa hodari. Rangi ilifanana kabisa, ila juu alimalizia na vanishi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Mama Soksi. Ni nani hukumbuka kumwambia mfuta sakafu?

Aliporudi alikuta nyumba inajiandaa kwa sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa pili. Maputo yalikuwa kila mahali, wageni walitarajiwa saa tisa. Alipaka nta nyumba nzima kama kawaida, ukumbi ukiwemo. Hakupiga hodi. Na kwa kuwa wageni walishafika getini, hakuvaa soksi pia.

Jioni hiyo bibi alitoka chumbani kwenda jikoni kuchukua maji ya kumezea dawa. Ni hatua kumi na nne. Alifika ya sita.

Wazee walisema mazoea yana taabu. Safari hii taabu ilimpata mtu mwingine.

Familia ilizilaumu slipazi za bibi, zilizokuwa zimelika soli, na kuzitupa siku iliyofuata. Kesi ikafungwa. Mama Soksi alipokuja kazini aliinama kimya ukumbini, akakwaruza pembeni. Ukucha ulipita kwenye utelezi laini, kisha ukagota kwenye kitu kigumu kama kioo. Akaelewa.

Alinyamaza siku nne. Halifichi jambo hilo, wala halipambi.

"Niliogopa," anasema. "Slipazi zilishatupwa, hakuna aliyeniuliza. Nyumba hii ndiyo inayolipa kodi ya chumba changu. Nilikuwa nafika nyumbani siwezi kula. Siku ya tano nikamwambia mama mwenye nyumba."

Mama mwenye nyumba, ambaye ni binti wa bibi, anakumbuka mazungumzo hayo akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani.

"Nilimwambia asije mpaka nimpigie. Nikatandika zulia ukumbini, nikaacha hivyo," anasema. "Nilikuwa na hasira. Bado ninayo kidogo, usiandike kwamba imeisha."

Habari hazikukaa ndani. Katika nyumba sita alizokuwa akihudumia, mbili zilimwambia zimepata mtu mwingine. Wiki nne simu ya nyumba hii haikulia. Kisha Jumatano akapigiwa: bibi anarudi Jumamosi, njoo uondoe ulichoweka, halafu tutaongea.

Saa nne na nusu, hatua tisa zimekamilika. Vitambaa thelathini na moja viko kwenye ndoo. Baba wa watoto anapita kwa ncha za vidole, anaona uso wa Mama Soksi, anataka kumfariji.

"Usijali sana, dada. Kuteleza si kuanguka."

Kitambaa kinasita juu ya ubao. Mkewe anamtazama. Baba anatafakari alichosema, kisha anakumbuka ghafla kwamba gari linahitaji mafuta.

Saa tano mbwa anaponyoka kutoka uani, miguu imelowa, na kupita katikati ya ubao uliomalizika. Binti mdogo anamkimbilia na kikombe cha sharubati. Mama Soksi ananyoosha mkono mmoja kumzuia mbwa na mwingine kudaka kikombe. Sharubati inamwagikia sketi yake, si sakafu.

"Mwanangu, leo nihurumie," anamwambia mtoto. "Kesho utamwaga upendavyo."

Anafuta, anakausha, anaendelea. Zimebaki hatua tatu.

Lakini nta siyo inayomkosesha raha zaidi. Daktari amesema mfupa umeunga na kwamba bibi anatakiwa kutembea kila siku, la sivyo miguu itakakamaa. Bibi hataki. Tangu alipoanguka anaamini ni miguu iliyomsaliti, kwamba uzee umemfikia na safari yake ya kutembea imekwisha. Hakuna aliyemwambia habari za nta.

Mama Soksi anainuka na kumfuata mama mwenye nyumba jikoni.

"Dada, naomba leo nimwambie bibi."

"Leo hapana. Ndiyo kwanza anatoka hospitali, hatakiwi kushtuliwa."

"Anailaumu miguu yake."

"Nimesema leo hapana."

Anarudi kupiga magoti. Kitambaa cha arobaini na nne kinatoka cheupe. Anachukua kingine, nacho kinatoka cheupe. Anakwaruza pembeni kwa ukucha, anautazama kwenye mwanga wa dirisha. Kisha anavaa soksi na kuupita ukumbi mara tatu, akikaza uzito kwenye kisigino. Soksi zinashika.

Saa sita na robo gari linaingia. Bibi analetwa kwenye kiti cha magurudumu hadi mwanzo wa ukumbi, fremu ya kutembelea ikiwa imekunjwa magotini. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miaka sabini na minane na macho yasiyopitwa na kitu.

"Mama, jaribu hatua mbili tu," binti yake anambembeleza.

"Nisukumeni. Miguu hii imeshanikana."

"Daktari alisema..."

"Daktari ana miguu yake. Mimi yangu imenitupa chini mchana kweupe mbele ya mlango wangu. Niiamini kwa lipi?"

Haikuwa mchana, ilikuwa jioni, lakini hakuna anayemsahihisha. Binti yake anashika mikono ya kiti. Hapo Mama Soksi, aliyekuwa amebana ukutani na ndoo yake, anapiga hatua mbele.

"Bibi, haikuwa miguu yako."

"Wewe!" mama mwenye nyumba anaita kwa sauti ya chini.

"Ni mimi. Mbao zilibadilishwa, sikuzikagua. Nikapaka nta pasipotakiwa nta. Hata mtu wa miaka ishirini angeanguka. Nisamehe, bibi. Nilichelewa kusema."

Bibi anaikaza mikono kwenye fremu iliyo magotini. Mwandishi wa habari hii alitamani kuwa kwingine, akatazama tundu la soksi yake.

"Wiki tano," bibi anasema hatimaye. "Wiki tano nimelala naisema vibaya miguu yangu. Nimeiambia maneno ambayo hata adui yangu sijamwambia."

"Najua, bibi."

"Hujui!" Sauti inapanda, kisha inatulia. "Na slipazi zangu ziko wapi?"

Watu wanatazamana. Binti yake anakohoa. "Tulizitupa, mama."

"Slipazi hazikukosa, miguu haikukosa, vyote vimeadhibiwa." Anamgeukia Mama Soksi. "Na wewe uliyekosa umekuja na ndoo. Haya. Tembea mbele yangu, nikuone."

Mama Soksi anatembea taratibu hadi jikoni na kurudi. Bibi anafuatilia kila unyayo. Kisha anaikunjua fremu, anaikita sakafuni, na kabla binti yake hajamshika anasimama. Uso unamkunjamana kwa maumivu. Mama Soksi anarudi nyuma hatua moja moja, mikono ameinyoosha, hamgusi. Machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafuta.

Moja. Mbili. Kwenye ya sita bibi anasita, anautazama ubao, anaukanyaga. Kwenye ya kumi na nne anashika ukingo wa meza ya jikoni.

"Nipeni maji," anasema. "Nilikuja kuchukua maji."

Mama mwenye nyumba ndiye aliyelia kwa sauti. Baadaye, bado macho mekundu, alimwambia Mama Soksi kwamba siku zake ni zile zile tatu, ila akinyamaza tena siku nne, hata saa nne, hakutakuwa na mazungumzo.

Sasa Mama Soksi ana mpango. Kwa kila nyumba anaandika karatasi: chumba gani kina nta, kipi kina vanishi, nani aligusa mbao na lini. Huibandika ndani ya mlango wa kabati la mafagio ili hata anayekuja baada yake asome. Amepeleka karatasi hizo hata kwenye zile nyumba mbili zilizomwacha. Moja imemwita. Ya pili bado anaisubiri, na anasema ataisubiri.

Tumaini lake kubwa ni kumwona bibi akiupita ukumbi bila fremu. Kwa sasa bibi huupita mara mbili kwa siku, akinung'unika, katika slipazi mpya alizonunuliwa na mkwewe.

Jumatatu moja, wiki chache baadaye, mwandishi alimkuta Mama Soksi ameinama kwenye pembe ya ukumbi, ukucha juu ya mbao ambayo sasa anaijua vizuri kuliko kiganja chake.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo, akakwaruza.

"Karibu," bibi aliitikia kutoka chumbani. "Na uangalie vizuri, nakuja."