Bibi Alitaka Redio

Jumamosi nilikuwa kwa wakala wa pesa pale Tengeru, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alisimama bibi mmoja anayeishi makao ya wazee, pamoja na msimamizi wake. Ruzuku ya serikali ilikuwa imeingia kwenye simu ya bibi, lakini simu aliishika msimamizi, na namba ya siri aliibonyeza yeye.

Dada wa dukani akahesabu noti. Msimamizi akanyoosha mkono.

"Shikamoo bibi," dada akasema, bado kazishikilia. "Nimpe yeye au nikupe wewe?"

"Marahaba. Nipe mimi, nataka kununua redio."

Msimamizi akacheka. "Bibi, redio si iko ofisini? Hii tunaongezea chakula."

"Hiyo ya ofisini mnaizima mnapotaka ninyi," bibi akajibu. "Na chakula serikali inaleta."

Dada akamwekea noti kiganjani. Bibi akazifunga kwenye pindo la khanga, kisha akanyoosha mkono tena. "Na simu yangu."

Msimamizi akatutazama sisi wa kwenye foleni, akairudisha. Bibi akavuka barabara kwenda duka la redio, bila kumsubiri.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na mimi mwenyewe nilijikasirikia, maana sikufungua mdomo. Ruzuku ile ina jina la bibi. Kuhamia makao hakukulifuta. Nanyi wasimamizi mnaowatunzia wazee namba zao za siri, hebu tuambieni: zenu anawatunzia nani?