Dari Langu la Turubai

Jamani, mkiniona nakwepa kukaa meza kuu msidhani ni unyenyekevu, ni aibu tu, ile aibu ya kutamani ardhi ipasuke ikumeze, na niliitafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa siku ya kugawa zawadi shuleni ninakofundisha, huku Mbulu vijijini, na mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa hapa aliyeahidi kutuletea mabati ya bwalo, maana bwalo letu linavuja kama chekeche. Mkuu wa shule akaniambia, "Mwalimu, pendezesha." Basi mimi na kimbelembele changu (mnanijua kwa mapambo) nikaazima turubai ambalo jirani yangu Baba Safari huanikia maharage, nikalifunga kwa kamba juu ya meza kuu, chini yake nikatandaza kitambaa cheupe na maputo, matundu yote yakapotea. Mkuu akanipa mkono wa pongezi.

Mvua ikanyesha asubuhi nzima. Nikaona dari langu linaota kitambi, nikajisemea ah, hotuba zitaisha sasa hivi (hotuba za mgeni rasmi gani huisha sasa hivi?).

Zawadi ya kwanza alichukua Paulina wa kidato cha tatu, na ndiye aliyesoma risala: "Mheshimiwa, mvua ikinyesha tunakula ugali tumeshika miavuli." Mgeni akainua macho, akacheka. "Binti, hodari hivi halafu unadanganya mbele ya wazazi? Hata kwangu sina dari kama hili! Mabati nitayapeleka shule ya Gehandu, kwa wenye shida." Meza kuu ikapiga makofi. Na Mkuu naye akapiga! Paulina akabaki na maiki mkononi, na mama yake pale mbele kainamisha uso.

Roho iliniuma, jamani. Mtoto wa watu anaitwa mwongo kwa sababu ya maputo yangu! Nikajikuta nimesimama, napiga kelele, "Hadanganyi, mheshimiwa, angalia mwenyewe!" na huku nafungua kamba.

Kile kitambi nilikuwa nimekisahau.

Maji yalishuka yote, pamoja na maganda ya maharage ya Baba Safari, yakamwagikia mgeni rasmi, suti, hotuba na keki, na Mkuu akapata fungu lake. Kilichosikika ni matone tu kutoka kwenye matundu, to, to, to, kwenye upara wa mgeni. Paulina akajifuta machozi, akaendelea palepale alipoishia: "Kwa hiyo, mheshimiwa, tunaomba mabati."

Mabati yaliletwa. Mgeni alitoa sharti moja tu, kwamba siku ya kuezeka mimi nisialikwe. Nami nimeapa sipambi tena shida ya mtu. Mwaka huu tunaomba vyoo, na mgeni rasmi nitampeleka huko kwanza, kabla ya chai.